Paukwa Bila Pakawa? Historia ya Vyombo vya Kubebeka na Sanaa za Kiswahili kwa Vijana wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya vyombo vya kubebeka vilivyofikisha sanaa za Kiswahili kwa watoto na vijana wa Afrika Mashariki, kuanzia santuri na redio ya transista, kupitia kaseti, hadi simu na kishikwambi. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo haiwezi kuelezwa kwa kuhesabu vifaa vilivyogawiwa wala umbali vilikofika. Inaeleweka vyema zaidi kwa kuuliza maswali matatu kuhusu kila chombo: nani aliweza kuingiza kazi yake ndani ya chombo hicho, nani alibeba gharama, na kazi ilihifadhiwa wapi baada ya chombo kuchakaa. Kwa kutumia dhana ya fanani na hadhira, makala yanaonyesha kwamba sanaa ya vijana ilistawi pale ambapo chombo kilimruhusu msikilizaji kugeuka fanani. Shindano la vishikwambi lililofanyika katika vijiji vya mkoa wa Tanga kati ya 2017 na 2019 linachunguzwa kwa kina kama kipimo cha hoja hii.

1. Utangulizi

Neno chombo lina maana nyingi katika Kiswahili. Ni jahazi linalokata maji, ni sufuria na sahani za jikoni, ni ala ya muziki, na siku hizi ni redio, runinga na simu. Maana zote hizi zina kiini kimoja: chombo hubeba kitu kingine ambacho si chenyewe. Pengine ndiyo sababu mijadala yetu kuhusu sanaa na vifaa vya kidijitali huelekea kukitazama kifaa kama mkoba mtupu, ambao ukitiwa hadithi hubeba hadithi, na ukitiwa upuuzi hubeba upuuzi.

Mtazamo huo umezaa kambi mbili. Kambi ya kwanza husema simu imeua ngano, vitendawili na nyimbo za watoto, kwa kuwa mtoto aliyekuwa akiketi mbele ya bibi sasa ameinamia kioo. Kambi ya pili husema simu imeikomboa sanaa, kwa kuwa kijana wa kijijini sasa anaweza kuona na kusikia kazi ambazo zamani ziliishia kwenye kumbi za mijini. Kambi hizi zinapingana kwa sauti kubwa, lakini zinakubaliana katika jambo moja: kijana ni mpokeaji. Tofauti yao ni kama anachopokea kinamfaa au kinamharibu.

Makala haya yanaanzia mahali pengine. Wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili wametufundisha kwamba utanzu hauishi katika maneno peke yake. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba fani hufungamana na muktadha wake: fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Msimulizi anaposema “Paukwa!” bado hajaanza hadithi. Anaomba idhini. Hadithi huanza hadhira inapojibu “Pakawa!” Vivyo hivyo mtegaji wa kitendawili husubiri aambiwe “Tega!” Jibu la hadhira ni sehemu ya kazi yenyewe, na pasipo jibu hilo kazi haijakamilika.

Tukikubali hoja hiyo, swali la kihistoria linabadilika. Haitoshi kuuliza chombo kilibeba nini na kilifika wapi. Yafaa kuuliza chombo kilifanya nini na “Pakawa”. Katika sehemu zinazofuata tunauliza swali hili kwa kila zama, tukizingatia pia gharama na hifadhi, kwa kuwa haki ya kujibu haina maana kwa mtu asiyeweza kulipia betri, wala kwa kazi isiyoacha alama.

2. Santuri na redio: sauti inasafiri, jibu linabaki

Safari ya Siti binti Saad na wenzake kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV ni mwanzo unaofaa. Nyimbo za taarabu za Kiswahili, ambazo hadi hapo zilimhitaji mwimbaji awepo ukumbini, zilianza kusafiri zenyewe. Msikilizaji wa Mombasa au Dar es Salaam aliweza kumsikia Siti bila kuvuka bahari kwenda Unguja. Hata hivyo santuri ilikuwa mali ya mwenye uwezo au ya mwenye mkahawa. Kijana aliisikia akiwa amesimama mlangoni. Tena santuri haikuweza kuandikwa upya. Mtu wa kawaida aliweza kuinunua, kuisikiliza na kuivunja, lakini hakuweza kutia sauti yake ndani yake.

Redio ilipanua hadhira kwa kasi kubwa zaidi. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957. Katika kipindi hicho hicho redio za transista, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, zilianza kuingia katika soko la Afrika Mashariki. Transista ilikuwa chombo cha kubebeka kwa maana kamili: haikuhitaji umeme wa ukutani, ilitumia betri, na ilibebwa begani hadi shambani, malishoni na ufukweni.

Watoto walikuwa na sehemu yao katika matangazo hayo. Wengi waliokulia Tanzania katika miongo iliyofuata uhuru wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kilichowasimulia watoto hadithi. Ni muhimu kuona kilichotokea pale. Usimulizi ulirudi katika sauti, baada ya shule kuufunga katika kitabu cha kusoma. Lakini fanani alikuwa studio, na hadhira ilikuwa imetawanyika katika maelfu ya nyumba. Watoto waliweza kuitika “Pakawa” kwa nguvu zao zote, na msimulizi asisikie. Jibu lao lilibaki chumbani.

Isidhaniwe kwamba hadhira ilinyamaza kabisa. Wasikilizaji waliandika barua na kutuma kadi za salamu, na majina yao yakasomwa hewani. Ulikuwa mlango mwembamba, lakini ulikuwa mlango. Pia redio ya wakati huo, ingawa ilibebeka, haikuwa ya mtu mmoja. Betri zilikuwa ghali kwa kipato cha mkulima, kwa hiyo redio ilifunguliwa kwa vipindi maalumu na kusikilizwa na wengi. Mjadala uliofuata kipindi ulifanyika papo hapo, kati ya wasikilizaji wenyewe. Uhaba wa betri, pasipo mtu yeyote kukusudia, ulilinda mkusanyiko wa hadhira.

Kilichokosekana ni njia ya kijana kuingia ndani ya chombo akiwa na kazi yake mwenyewe. Tanzania Bara na Kenya zilikuwa na redio ya dola pekee hadi miaka ya 1990. Aliyeamua nini kiitwe sanaa inayowafaa vijana alikuwa mtumishi wa umma, na wimbo uliorekodiwa ulikuwa ule uliokubaliwa studio.

3. Kaseti: chombo kinachoandikika

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, lakini athari yake kwa vijana wetu ilionekana zaidi katika miaka ya 1980 na 1990. Tofauti yake na santuri ni ndogo kitaalamu na kubwa kijamii: kaseti iliweza kufutwa na kurekodiwa upya. Redio kaseti ya kawaida ilikuwa na kitufe cha kurekodi. Kwa mara ya kwanza chombo kile kile kilichomletea kijana sauti za wengine kilikuwa tayari kupokea sauti yake.

Historia ya rapu ya Kiswahili haieleweki bila kitufe hicho. Mwaka 1991 Saleh Jabir alitoa kaseti ambamo maneno ya Kiswahili yaliwekwa juu ya mapigo ya nyimbo za Kimarekani zilizokuwa zikivuma. Wapo walioona kwamba huo ulikuwa uigaji tu. Mtazamo huo unasahau kwamba kuweka maneno mapya juu ya mahadhi yaliyopo ni desturi kongwe ya ushairi wetu wa kuimbwa. Kilichokuwa kipya si kuazima mahadhi, bali ni nani aliyeazima na kwa idhini ya nani. Kundi la Kwanza Unit liliundwa Dar es Salaam mwaka 1993, na Radio One ilipoanza mwaka 1994, baada ya utangazaji kufunguliwa kwa sekta binafsi, ilipata vijana ambao tayari walikuwa na kazi mikononi. Upande wa Kenya, kundi la Kalamashaka la Dandora, Nairobi, lilionyesha katika miaka ya mwisho ya 1990 kwamba Sheng na Kiswahili cha mtaani vinaweza kubeba masimulizi mazito ya ufukara na ghasia za polisi.

Mfuatano wa matukio haya una uzito wa kihoja. Redio binafsi hazikuumba sanaa ya vijana. Ziliikuta. Sanaa ilikuwa imeshapita katika kaseti zilizorekodiwa vyumbani, zikanakiliwa kutoka mkono hadi mkono, zikapigwa katika daladala na matatu. Daladala ilikuwa ukumbi, na abiria walikuwa hadhira ambayo iliweza kuguna, kucheka au kumtaka dereva ageuze upande wa pili.

Lakini kaseti iliyokuwa rahisi kurekodi ilikuwa pia rahisi kuibwa. Nakala zisizo halali zilifika sokoni kabla msanii hajapata chochote. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, nayo ikaanzisha chombo cha kuisimamia, COSOTA. Kenya ilifuata na sheria yake mwaka 2001. Sheria hizi zilikuja wakati kaseti yenyewe imeanza kutoweka. Pia utepe wa sumaku hauishi muda mrefu katika joto na unyevu wa pwani. Kazi nyingi za mwanzo za vijana wale hazipo tena popote ila katika kumbukumbu za waliozisikia. Tunaweza kusema, basi, kwamba kaseti ilijibu swali la kwanza kwa ukarimu, na ikashindwa katika swali la tatu.

4. Simu: kutoka kitochi hadi simu janja

Simu ya mkononi iliingia mikononi mwa vijana ikiwa chombo cha mazungumzo, nao wakaigeuza kuwa chombo cha sanaa kabla kampuni hazijaizindua hivyo. Ujumbe mfupi ulikuwa na kikomo cha herufi 160. Kikomo hicho kilizaa ufupisho wa tahajia ambao waalimu waliulalamikia, lakini pia kiliendana vyema na tanzu fupi: methali, vitendawili, beti za mapenzi, mafumbo ya salamu za sikukuu. Ubeti wa tarbia wenye mizani kumi na sita katika kila mshororo huweza kutoshea kwa taabu kidogo katika jumbe mbili. Simu za kitochi zenye kadi za kumbukumbu ziliongeza sauti. Katika vibanda vya mijini na vijijini, kijana alilipa fedha kidogo akawekewa nyimbo katika kadi, kisha akawarushia wenzake kwa bluetuthi bila kutumia senti moja ya bando.

Mkongo wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ukifuatwa na mingine, intaneti ilianza kushuka bei na simu janja zikafuata. Hapa ndipo tunakutana na miradi iliyokusudia wazi kuwapelekea vijana sanaa ya kisasa kupitia vifaa vya mkononi. Miwili inatosha kuonyesha njia mbili tofauti.

Wa kwanza ni Shujaaz, ulioanza Kenya mwaka 2010 na baadaye ukaingia Tanzania. Msingi wake ulikuwa jarida la katuni la kila mwezi, lililogawiwa bure ndani ya gazeti na katika vibanda vya M-Pesa, likiambatana na vipindi vya redio, ujumbe mfupi na mitandao ya kijamii. Mhusika mkuu, Boyie, ni kijana anayeendesha kwa siri kituo cha redio kutoka chumbani mwake. Mwaka 2012 mradi huu ulipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Mambo mawili yanatuhusu zaidi kuliko tuzo. La kwanza ni lugha: katuni ile iliandikwa kwa Sheng, na hivyo ikawafanya vijana waione lahaja yao ikichapwa kwa wingi na kwa heshima. La pili ni kwamba wasomaji walimwandikia Boyie kama mtu anayeishi, na barua zao zikaingia katika hadithi zilizofuata. Hadithi yenyewe ilihusu kijana asiyengoja kuruhusiwa kusema. Umbo la mradi na maudhui yake yaliafikiana.

Wa pili ni Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoundwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa na televisheni ya taifa mwaka 2014, kikifundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili sanifu. Katika siku zake za mwanzo kipindi kiliwawezesha watazamaji kujibu maswali kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida ya mzazi. Ni “Pakawa” ya aina yake: jibu moja kati ya machaguo machache. Tusilidharau, kwa kuwa mtoto aliyejibiwa kwa jina na mhusika wa katuni alitambuliwa. Lakini tuseme pia kwamba kuchagua jibu sahihi si sawa na kuongeza neno katika hadithi.

Miradi hii miwili inatuonyesha mgawanyo ambao wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili hatujaushughulikia vya kutosha. Kiswahili sanifu kimepewa watoto na masomo. Sheng na lugha ya mtaani zimepewa vijana na burudani. Mtoto anayekua hulazimika kuhama kutoka chombo kimoja hadi kingine na kutoka lugha moja hadi nyingine, na mara nyingi huamini kwamba sanaa imo katika ya pili tu.

5. Vishikwambi vya Tanga, 2017–2019

Kipimo kizuri zaidi cha hoja yetu kimo katika mkoa wa Tanga. Taasisi ya XPRIZE ya Marekani iliandaa shindano la kutengeneza programu ambayo ingemwezesha mtoto asiye na mwalimu kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Makundi matano yalifika fainali, kila moja likapewa dola 1,000,000 za Marekani. Programu zao, kwa Kiswahili na Kiingereza, ziliwekwa katika vishikwambi vilivyotolewa na Google na kupelekwa katika vijiji vipatavyo 170 kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania. Vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua vilijengwa vijijini. Baada ya miezi 15 watoto walipimwa. Mwezi Mei 2019 ilitangazwa kwamba onebillion na Kitkit School zimelingana, nazo zikagawana zawadi ya dola 10,000,000.

Mafanikio yake yanastahili kusemwa kwa haki. Waandaaji waliripoti kwamba kabla ya mradi zaidi ya asilimia 90 ya watoto walioshiriki hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na kwamba idadi hiyo ilipungua kwa nusu mwishoni. Programu zilizoshindana ziliwekwa wazi ili yeyote azitumie na kuziboresha. Kwa lugha yetu, ambayo tahajia yake inafuata matamshi kwa ukaribu kiasi kwamba mtoto akishazijua silabi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona, hili lilikuwa thibitisho la wazi. Gharama pia haikuachwa mabegani mwa wazazi: umeme, kifaa na maudhui vilitolewa.

Hata hivyo takwimu nyingine ya ripoti hiyo inatuhusu sisi wanafasihi moja kwa moja. Ilisemwa kwamba asilimia 80 ya watoto hao hawajawahi kusomewa nyumbani. Kwa anayelitazama jambo hili kutoka nchi ambako mzazi humsomea mwanawe kitabu kabla ya kulala, takwimu hiyo inaonyesha ombwe. Lakini swali “Je, mtoto husomewa?” si swali “Je, mtoto husimuliwa?” Tanga ni mkoa wa Wasambaa, Wazigua, Wabondei, Wadigo na wengineo, wenye lugha zao na hazina zao za ngano, nyimbo na vitendawili. Mtoto anaweza kutojua kusoma neno moja la Kiswahili na wakati huo huo akajua mikasa mingi ya Sungura na Fisi kwa Kizigua, na nyimbo zake zote. Swali la kwanza halina mahali pa kuandika jibu hilo. Hatudai kwamba kila mtoto wa vijiji vile alisimuliwa hadithi. Tunadai kwamba kipimo kilichotumika hakikuweza kutofautisha kati ya nyumba isiyo na hadithi na nyumba isiyo na kitabu.

Kosa hilo si la waandaaji peke yao. Shindano lilipangwa kupima kusoma, kuandika na kuhesabu, na lilipima hayo. Hadithi na nyimbo zilizokuwa ndani ya vishikwambi zilikuwa ngazi ya kupandia, na mtu hapimi uzuri wa ngazi. Tatizo ni pale kipimo cha elimu kinapokuwa kipimo pekee cha kila kitu anachopelekewa mtoto wa kijijini. Hapo sanaa huruhusiwa kuingia kijijini kwa sharti la kuwa na faida inayohesabika. Mtoto wa mjini hupewa wimbo kwa sababu ni mzuri, na yule wa kijijini hupewa wimbo kwa sababu unafundisha herufi.

Na swali letu la kwanza linabaki. Mtoto wa Tanga aliweza kugusa, kuchagua, kufuatisha herufi kwa kidole na kusikia akipongezwa. Lakini ngano aliyoijua yeye haikuwa sehemu ya kilichopimwa, na hapakuwa na tuzo kwa programu ambayo ingemfanya mtoto wa kijiji cha jirani aisikilize. Watoto walisaidiana, kama watoto wafanyavyo siku zote, na bila shaka waliimba pamoja nyimbo walizozisikia. “Pakawa” ilikuwepo kijijini. Haikuwa ndani ya chombo.

6. Fanani, gharama, hifadhi

Je, yawezekana kuandaa sanaa kwa vijana bila kuwafanya wapokeaji tu? Historia ya sanaa za maonyesho Tanzania inajibu kwamba inawezekana, na jibu hilo ni la zamani kuliko simu janja. Mwaka 1996 wasanii na wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wanafunzi wa kike walibainisha wenyewe matatizo yanayowazuia kusoma, wakayatungia michezo, nyimbo na ngonjera, wakaigiza mbele ya walimu na wazazi. Chombo kilikuwa mwili na sauti. Kilichoupa mradi nguvu ni mpangilio wake: msichana hakupelekewa igizo kuhusu maisha yake, alilitunga.

Katika vyombo vya kidijitali iko mifano inayoelekea huko. Mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014 kutoka Afrika Kusini, huweka hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, chini ya leseni huria. Mwalimu anaweza kuisoma hadithi katika simu, kuitafsiri, kuirekebisha na kuongeza yake. Hapa kitufe cha kurekodi cha redio kaseti kimerudi kwa umbo jingine.

Lakini uwezo wa kiufundi si haki. Tanzania ilipotoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, wenye blogu na wenye redio na televisheni za mtandaoni walitakiwa kupata leseni na kulipa ada. Zipo sababu za kudhibiti uongo na matusi, na hatukusudii kuzijadili hapa. Tunaonyesha tu kwamba kwa kijana anayetunga akiwa na simu moja na bando la siku, ada ni ukuta. Kitufe cha kurekodi kipo, ila kina bei. Gharama inaathiri pia hadhira: transista iliyofunguliwa mara moja ilisikiwa na nyumba nzima, ilhali video inayotazamwa na vijana watano katika simu tano hulipiwa mara tano. Si ajabu kwamba vijana wengi huendelea kurushiana mafaili ana kwa ana. Uchumi wao una busara kuliko mipango mingi.

Kuhusu hifadhi, hali ni mbaya zaidi kuliko zama za kaseti, ingawa inaonekana kinyume. Kitabu kilichochapwa kina utaratibu wa nakala kuwekwa maktaba ya taifa. Ubeti uliotumwa kwa ujumbe mfupi mwaka 2006, au wimbo uliowekwa katika kadi ya kumbukumbu mwaka 2010, hauna. Kaseti iliyosahaulika kabatini inaweza kuokotwa na mtafiti. Faili katika akaunti ambayo nywila yake imesahauliwa haliokotwi. Tunahatarisha kuwa na kizazi kilichotunga kuliko vizazi vyote vilivyotangulia, na kikaacha alama chache kuliko vyote.

7. Hitimisho

Historia tuliyoieleza haisemi kwamba chombo kipya ni bora au kibaya kuliko cha zamani. Santuri iliipa sauti safari. Transista iliipa hadhira kubwa, nayo hadhira ikaitikia mbali na masikio ya fanani. Kaseti ilimfanya msikilizaji kuwa fanani lakini ikampokonya malipo na kumbukumbu. Simu imempa karibu kila kitu, kwa bei ya bando na kwa hatari ya kusahauliwa. Kishikwambi cha Tanga kilimpa mtoto herufi, na hilo ni jambo kubwa, ila hakikuuliza alikuwa na nini kabla ya herufi.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mradi wowote wa kuwapelekea watoto sanaa kwa vifaa vya mkononi uanze kwa kukusanya kile ambacho watoto wenyewe wanasimulia na kuimba, kwa lugha yao ya nyumbani na kwa Kiswahili, na ukiweke ndani ya chombo pamoja na kile kinacholetwa. Pili, tathmini itenganishe kusomewa na kusimuliwa, na ipime kazi zilizotungwa, si majibu sahihi pekee. Tatu, maktaba za taifa na idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziweke utaratibu wa kupokea na kuhifadhi fasihi ya simu, ikiwemo ya Sheng, kabla vifaa vinavyoibeba havijazimika.

Msimulizi anayesema “Paukwa” kisha akaendelea bila kusubiri jibu anaweza kuimaliza hadithi yake. Maneno yatakuwa yale yale. Lakini watoto waliokaa mbele yake watajua kwamba hawakuhitajika, na siku moja wataacha kuja.